Jinsi nilivyojifunza kutofautisha kasoro za kiwandani na sarafu zilizoharibika tu

Karibu kila mtu anayeanza kupekua sarafu za chenji huambiwa mambo mawili: kwamba herufi yoyote inayoonekana kuwa na kivuli ni ya thamani, na kwamba sarafu chafu isuguliwe kwanza ili ionekane vizuri. Nami niliambiwa hivyo, tena na watu waliosema kwa uhakika mkubwa. La pili sikulifuata hata siku moja, kwa sababu kusugua huondoa uso wa juu wa metali, na uso huo ndio unaobeba ushahidi wote ninaoutafuta. Mnunuzi makini akiona sarafu iliyosuguliwa hana haja ya kuendelea kuitazama. La kwanza ndilo lililonila muda, kwa kuwa vivuli kwenye herufi ni vingi mno, na vilivyo vingi havina maana yoyote.

Mambo yalianza kunyooka nilipoacha kuuliza sarafu ina nini cha ajabu, nikaanza kuuliza mashine ingewezaje kulifanya jambo hilo. Bamba la metali hukatwa kuwa visahani vitupu, visahani hupitishwa kwenye mashine inayoinua ukingo wake, kisha kila kimoja huwekwa ndani ya pete ya chuma na kupigwa chapa baina ya mihuri miwili. Kasoro ya kweli lazima itokane na kisahani, au muhuri, au pigo lenyewe. Alama ambayo haielezeki kwa mojawapo ya hayo matatu iliingia baada ya sarafu kutoka kiwandani, na hapo hadithi yake imekwisha, hata ikiwa inavutia namna gani.

Kanuni iliyonisaidia kuliko zote ni ya kuinuka na kuzama. Kilichozama kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Kwa hiyo muhuri ukipata ufa, metali hupenya ndani ya ufa huo na sarafu hubaki na mstari mwembamba ulioinuka. Kipande cha pembeni cha muhuri kikimeguka kabisa, sarafu hupata uvimbe mtupu, usio na maandishi wala mchoro, uliogusana na ukingo. Mistari iliyozama, kinyume chake, mara nyingi ni mikwaruzo ya kawaida. Nasema mara nyingi kwa sababu uzi, kipande cha waya au grisi ikinaswa kati ya muhuri na kisahani huacha alama iliyozama ambayo ni kasoro halali. Tofauti yake ni kwamba mkwaruzo husukuma metali ikasimama kama matuta pande zote mbili, ilhali alama ya kitu kilichonaswa haina matuta hayo.

Sasa turudi kwenye herufi zenye kivuli. Muhuri nao hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zamani kazi hiyo ilihitaji kurudiwa zaidi ya mara moja ili mchoro uzame vya kutosha. Muhuri ukikaa upande kidogo katika mkandamizo wa pili, maandishi huchongeka mara mbili, na kila sarafu itakayopigwa nao itakuwa na urudufu uleule, mahali palepale. Mfano mashuhuri ni senti ya Marekani ya mwaka 1955, ambayo mwaka na maandishi yake hujirudia waziwazi hata kwa macho matupu; sarafu hizo zilikwisha kuchanganyika na nyingine kiwandani, na zaidi ya 20,000 zikaachiliwa ziende kwa umma. Lakini vivuli vingi tunavyovikuta havitokani na hilo. Muhuri uliolegea hutetemeka wakati wa pigo na kubamiza ubavu wa herufi ambayo imekwisha kuumbika. Katika urudufu wa kweli herufi hunenepa na huwa na mipasuko midogo kwenye pembe zake, kwa kuwa ni herufi mbili zilizopandana. Katika mtetemo, herufi hukonda, na kando yake hubaki kidaraja bapa. Anayekwambia kwamba vyote viwili ni sawa hajawahi kuviweka pamoja mezani.

Tatizo ni kukiona hicho kidaraja. Nilijaribu taa ikiwa juu moja kwa moja, na kila kitu kikang'aa kwa pamoja bila kunieleza lolote. Nikajaribu lenzi yenye nguvu kubwa zaidi, na ikawa vibaya zaidi, maana kila vumbi liligeuka kuwa jambo la kuchunguzwa. Kilichofaulu kilikuwa rahisi mno. Niliishusha taa hadi ikawa karibu kulingana na meza, mwanga ukawa unapita juu ya sarafu kwa ubavu, kisha nikaizungusha sarafu polepole mahali pake huku nikiitazama kwa lenzi ya kawaida inayokuza mara 10. Kidaraja bapa humetameta chote kwa mkupuo mmoja, kisha huzimika chote. Herufi ya pili ya kweli, kwa kuwa ina mgongo wa mviringo, hutupa kivuli chake yenyewe na kivuli hicho husogea kadiri unavyozungusha. Tangu nigundue hilo, swali ambalo zamani lilinichukua jioni nzima humalizika kabla sijapepesa macho.

Jambo ninalojivunia zaidi, hata hivyo, ni jaribio la jiliwa, kile kibano cha chuma cha mafundi kinachokazwa kwa skrubu. Zipo sarafu zenye picha iliyozama na kugeuka kama kwenye kioo. Hutokea kiwandani pale sarafu iliyokwisha kupigwa inapong'ang'ania kwenye muhuri, na kisahani kinachofuata kikapigwa dhidi yake badala ya dhidi ya muhuri. Ni kasoro inayopendwa sana, na kwa sababu hiyo hughushiwa sana. Maelezo ya maneno hayakunitosheleza, nikaamua kutengeneza ya bandia mimi mwenyewe ili niijue sura yake. Nilichukua sarafu mbili kuukuu zilizokwisha kuondolewa katika matumizi, nikazibana uso kwa uso ndani ya jiliwa. Mara ya kwanza meno ya jiliwa yaliacha chapa zake mgongoni mwa zote mbili, ushahidi ambao hata mtoto angeuona. Nikaweka vipande vya ngozi nene pande zote, nikaisogeza sarafu moja kidogo ili kingo zisizuiane, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Safari hii zilitoka nzuri za kutosha kumdanganya mtu mwenye haraka: maandishi yaliyozama, yaliyogeuka, yakisomeka vizuri kwenye kioo.

Ndipo nilipoziweka chini ya taa ya ubavu, na zikajisema zenyewe. Mchoro wa asili ulikuwa bado upo chini ya ule uliozama, kwa hiyo uso mmoja ulibeba picha mbili zinazopigania nafasi; katika kasoro ya kweli, eneo lililofunikwa na sarafu iliyong'ang'ania halipati kabisa mchoro wake wa kawaida, kwa sababu muhuri haukuligusa. Sehemu zilizoinuka zilikuwa zimelala na kung'aa. Mgongoni, hata penye ngozi, vilele vya picha vilikuwa vimebamizwa, ilhali sarafu ya kiwandani huwa na upande wa pili ulio timilifu. Sarafu hizo mbili nimeziweka kwenye kiboksi chenye maandishi makubwa kwamba ni za bandia, na kila mtu anayeniletea muujiza wa namna hiyo humpa kwanza hizo azishike.

Mizani ndogo na sumaku ni vitu vya gharama ndogo, na sielewi kwa nini watu hununua lenzi kabla ya hivyo. Mwaka 1943 Marekani ilitengeneza senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki ili kuokoa shaba kwa ajili ya vita, na chache sana zikapigwa kwenye visahani vya shaba vilivyosalia. Wengi huziiga kwa kuzipaka shaba zile za chuma, na sumaku huwaumbua mara moja. Wengine hukata nambari 8 ya senti ya 1948 ili isomeke 3; hapo sumaku haina msaada, na lazima utazame umbo la nambari yenyewe.

Kuna kasoro ambazo hazihitaji chombo chochote isipokuwa kusoma sarafu nzima. Uingereza ilipobadilisha michoro mwaka 2008, mwaka wa sarafu za peni 20 ulihamishiwa kutoka mgongoni hadi upande wa kichwa, lakini baadhi ya sarafu hizo zilipigwa kwa kichwa cha zamani na mgongo mpya, zikatoka bila mwaka wowote.

Ninayoipenda katika zangu ina pengo la mviringo pembeni, lililotokana na kikatio kuangukia mahali ambapo kisahani kingine kilikuwa kimekwisha kukatwa. Mnunuzi mmoja alilitazama pengo, akasema ni kazi ya tupa, akataka kunirudishia. Nilimwomba aigeuze atazame ukingo ulioelekeana na pengo. Mashine ya kuinua ukingo hubana kisahani kutoka pande mbili zinazokabiliana. Penye pengo hakuna cha kubana, na kwa hiyo ukingo wa upande wa pili nao hauinuki vizuri, jambo ambalo tupa haiwezi kulifanya. Ukingo ulikuwa umefifia pale pale nilipomwonyesha. Alitoa lenzi yake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akataja bei, nami nikamwambia kwamba hiyo siuzi.