Nilivyofuatilia fungu la hospitali ya chuo kikuu hadi Albany

Mtu wa jamii yetu hapa New York akisema anakwenda kuzungumza mbele ya wabunge wa jimbo, atapewa ushauri uleule mmoja: simulia masaibu yako, toa machozi kidogo, hesabu waachie wataalamu. Ushauri huo ulinipotezea mwaka mzima, na mpaka leo nikikutana na aliyenipa hujikaza tu ili nimjibu salamu.

Hospitali ninayoizungumzia ni ya SUNY Downstate, tawi la Chuo Kikuu cha Jimbo la New York (SUNY), iliyoko Clarkson Avenue, East Flatbush, Brooklyn, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali ya jiji ya Kings County. Downstate ni mali ya jimbo, kama zilivyo hospitali za Stony Brook na Upstate ya Syracuse, na ndiko mume wangu alikopandikizwa figo. Mnamo Januari 2024 mkuu wa SUNY, John King, alitangaza mpango wa kulifunga jengo hilo na kuhamishia sehemu ya huduma zake Kings County, kwa maelezo kwamba jengo, ambalo lilianza kazi miaka ya 1960, limechakaa, na kwamba hospitali inaendeshwa kwa hasara kubwa. Hasara ilikuwapo kweli. Wagonjwa wengi wa mtaa wetu hutibiwa kwa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo hulipa chini ya gharama halisi, na chama cha wafanyakazi, UUP, kimelalamika kwa miaka mingi kwamba jimbo linaibebesha hospitali mizigo ya mafao na madeni ambayo lingepaswa kuibeba lenyewe. Hata hivyo, watu wa Brooklyn hawakuwa tayari kuambiwa "tutahamisha tu", kwa sababu walikuwa wameshaiona SUNY ikiichukua hospitali ya Long Island College mwaka 2011, na mwaka 2014 ikafungwa, kisha kiwanja chake kikauzwa.

Kujiandikisha kutoa maoni katika vikao vya bajeti ni jambo jepesi, sitalieleza. Lililonishinda mara ya kwanza ni kaka mmoja, mwenyeji wa siku nyingi na mjuzi wa kila kitu, aliyeniambia, "Dada, Wamarekani hawataki hesabu. Waeleze mumeo alivyoteseka, utaona watakavyolainika." Basi nikaandaa hotuba ya mateso. Nilipanda basi kwenda Albany, makao makuu ya jimbo, safari ambayo ukijumlisha nauli na chakula inakula kama dola mia hivi, nikaketi katika ukumbi wa vikao tangu asubuhi nikiwa nimevaa kitenge changu cha sherehe. Wakubwa wa serikali ndio huanza, nao huhojiwa kwa masaa. Sisi raia tusio na vyeo tuliitwa jioni, wakati viti vingi vya wabunge vilikuwa vitupu na mmoja wa waliobaki alikuwa anakula saladi.

Raia hupewa dakika tatu, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma huwekwa mbele yako uitazame. Mimi, kwa malezi niliyolelewa, siwezi kuanza kusema mbele ya watu wazima bila kuwasalimu kwa vyeo vyao. Nilimshukuru mwenyekiti wa Seneti, nikamshukuru mwenyekiti wa baraza la pili la wabunge, nikawashukuru wajumbe, nikamshukuru Mungu aliyenifikisha salama. Kisha nikaanza na ugonjwa wa mume wangu tangu ulipoonekana, kwa mpangilio, kwa sababu niliambiwa nisiache kitu. Saa ilipogonga sifuri, mume wangu katika hotuba yangu alikuwa bado hajafika hospitalini. Nikashukuriwa kwa upole mkubwa, na jina la mwingine likaitwa. Yule mla saladi alinipungia mkono.

Bajeti ilipopitishwa Aprili 2024, mpango wa kufunga uliwekwa kando. Kiliidhinishwa kiasi cha dola milioni 100 za uendeshaji na milioni 300 za ujenzi na ukarabati, pamoja na bodi ya ushauri ya kupendekeza mustakabali wa hospitali. Mtaani watu walishangilia. Mimi sikushangilia, nami nina sababu. Kabla ya kuja huku nilikuwa mhasibu msaidizi katika halmashauri moja ya wilaya Tanzania, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufuatilia fedha ambazo Bunge lilikuwa limeziidhinisha na Hazina ilikuwa haijazileta. Mtu aliyewahi kungoja fedha za zahanati mpaka mwaka wa fedha ukafungwa hasherehekei kasma, husherehekea stakabadhi.

Kwa hiyo bajeti iliyofuata ilipotoka niliacha kusikiliza hotuba, nikaisoma yenyewe. Bajeti ya New York haiji katika kitabu kimoja. Huja kama miswada kadhaa, na fedha za majengo ziko katika muswada wa miradi ya maendeleo, ambao ni mrefu na unachosha kweli kweli. Lakini una siri moja nzuri. Kila fungu la miaka iliyopita ambalo bado lina salio huchapishwa upya: kwanza kiasi kilichoidhinishwa mwanzoni, halafu nukta nyingi zilizopangwa mstari, halafu kwenye mabano herufi "re." na kiasi ambacho bado hakijatumika. Namba mbili hizo zikikaribiana, ujue fedha hazijatembea. Sikuhitaji mtaalamu. Nilihitaji miwani, kalamu ya wino mwekundu na binti yangu wa kunitafutia jina la SUNY kwenye kompyuta, maana kurasa zile hazina huruma.

Mapema 2025 nilirudi Albany. Safari hii salamu ilikuwa "Habari za jioni" na kitenge nilikiacha nyumbani. Hila yenyewe ni hii, na naona fahari kuisimulia: kanuni za vikao humpa mbunge muda wake mwenyewe wa kumwuliza shahidi, na muda huo haukatwi kwenye dakika zako. Niliamua kusema kidogo na kuacha kitu kining'inie. Nilisema kwamba mwaka uliopita waliidhinisha milioni 300 kwa jengo letu, nikataja ukurasa, nikasema kwamba nimezilinganisha namba mbili zilizoandikwa hapo na ningependa kujua kama wao nao wamezilinganisha. Kisha nikanyamaza. Dakika zangu nyingi zilikuwa bado zipo. Wabunge wawili walianza kupekua karatasi, na mmoja akaniuliza, "Mama, wewe unafanya kazi wapi?" Nikamjibu kwamba ninatunza wazee majumbani. Alinihoji mpaka muda wake ukamwishia, na kila jibu langu lilirudi palepale: zimetoka ngapi, kwa kazi ipi, na zilizobaki zinasubiri saini ya nani.

Nilijua kiasi kilichotoka hakiwezi kuwa kikubwa, kwa kuwa bodi ya ushauri ilikuwa bado haijamaliza mapendekezo yake. Nilichotaka ni swali liingie katika kumbukumbu za kikao. Mei 2025 bajeti ilipopita, jumla ya ahadi kwa Downstate ilikuwa takriban dola bilioni 1. Sidai kwamba ni kazi yangu. Madaktari, wauguzi, vyama na makanisa ya Flatbush walipiga kelele kuliko mimi. Lakini yule kaka mjuzi sasa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenielekeza nitumie hesabu.

Msaidizi wa mbunge aliyenihoji aliniandikia baadaye barua ndefu na ya heshima. Alieleza kwamba kupitishwa kwa bajeti ni ruhusa tu. Fedha za ujenzi huhitaji pia kibali cha idara ya bajeti ya gavana, hati fungani zinazouzwa ili fedha zipatikane, na mikataba inayopitiwa na mkaguzi mkuu wa jimbo. Hayo yote nimeyaelewa, yanafanana mno na ya kwetu. Nimemjibu kwa kumshukuru, nikamwomba anipe tarehe ya kila kibali.