Nilivyoingia Mezquita ya Córdoba bila kulipa hata senti

Wenzangu wa bwenini Sevilla, Hispania, walinishauri kwa sauti moja: Córdoba nenda mchana, jiunge na msafara wenye kiongozi, saa mbili zinatosha. Ningewasikiliza ningerudi na picha za foleni.

Nilidamka na treni ya alfajiri (nauli euro 30 hivi, kwenda na kurudi), maana nilishanusa jambo ambalo wauza misafara hawalitangazi. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, asiyekuja na kundi haingii Mezquita, msikiti wa kale wa Córdoba, kwa tiketi. Anaingia bure!

Huo ndio msikiti alioanza kuujenga Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785. Nguzo zinapita 850, nyingi zimetolewa kwenye majengo ya Kirumi. Zilikuwa fupi, basi mafundi wakapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu na jiwe jeupe kwa zamu, hadi dari likapata kimo. Unatembea humo ghafla unatokea katikati ya kanisa kuu, Wakristo walilolipachika kuanzia mwaka 1523. Kwangu halijakaa sawa hadi leo.

Mbele ya mihrabu, mimi Mzanzibari nikafungua dira ya simu. Makka kutoka pale iko karibu mashariki kabisa, ila mihrabu imeelekea kusini zaidi. Mlinzi akaja mbio. Kuswali mle hakuruhusiwi, na nadhani kofia yangu ilimtia wasiwasi. Nikamwonyesha simu. Akaitazama dira, akaitazama mihrabu, akaitazama dira tena, akaondoka akitikisa kichwa.

Chakula sasa. Niliambiwa niombe tu kisicho na nyama. Nikaagiza salmorejo, supu baridi nzito ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Ikaja imenyunyiziwa vipande vya nguruwe! Kwa mhudumu ile si nyama, ni kiungo. Taja jamón, yaani hiyo nyama ya nguruwe, kwa jina kwamba huitaki, ndiyo dawa. Sahani ya pili ilikuja safi, yai la kuchemsha juu, nikaikomba kwa mkate.

Alasiri maduka mengi yamefungwa, usihangaike. Rudi ua wa Mezquita, kukaa hapo ni bure. Watalii walikuwa wanatamani yale machungwa mitini. Ni madanzi yale, ndugu zangu; mtoto yeyote wa Unguja angewaambia.