Nilivyosawazisha kihisi joto cha mashine yangu ya vifaranga, Lamu

Mara ya kwanza nilitia mayai 24, vikatoka vifaranga tisa, tena siku ya 23 badala ya 21. Na kioo cha mashine siku zote kilionyesha nyuzi 37.6, vile vile nilivyotaka. Mama alipovunja yale yaliyobaki akanambia, "Mwanangu, mayai haya yamepata baridi." Nikabisha. Usiku nikaazima kipimajoto cha homa, nikakilaza kando ya mayai: 36.7.

Mashine nimeiunda mwenyewe: sanduku la mbao, balbu mbili, feni ndogo, relei (swichi ya kuwasha na kuzima balbu), na thamista ya omu 10,000, ambayo ndiyo kihisi joto chenyewe. Thamista hii ukinzani wake, yaani inavyozuia umeme (hupimwa kwa omu), hupungua joto likipanda, na karibu na nyuzi 37 hupungua kama asilimia 4 kwa kila nyuzi. Kosa dogo la asilimia 2 kwenye sakiti ni nusu nyuzi nzima, na nusu nyuzi kwa yai si kidogo.

Nilianzia kwenye rezista inayogawana volti na thamista. Ina mstari wa dhahabu, maana yake yaweza kukosea hadi asilimia 5. Nikaing'oa, mita ya kupimia umeme ikasema omu 10,240. Programu yangu inayogeuza ukinzani kuwa nyuzi ilihesabu 10,000 kamili! Hapo peke yake kioo kilizidisha karibu nyuzi 0.6.

Ikaja zamu ya thamista. Niliipaka gundi ya epoksi miguuni kwanza, kwani ikiwa wazi majini umeme huvuja na namba huruka. Nikaomba barafu ya kuipimia kwa nyuzi sifuri kwa ami yangu anayeuza samaki. Mita ikapanda hadi zaidi ya 36,000, na jedwali la thamista linataka karibu 33,000 kwa nyuzi sifuri. Nikaikagua sakiti saa nzima. Nilipomweleza ami akasema, "Hiyo nimeichanganya na maji ya bahari ili samaki wapoe zaidi." Chumvi ilikuwa imeishusha barafu chini ya sifuri. Basi nikagandisha maji matamu ya visima vya Shela, nikayaponda, nikajaza chupa ya chai, nikaongeza maji kidogo na kukoroga. Baada ya dakika kumi mita ilitulia kwenye 32,800.

Kwa maji ya moto nilitumia chupa ile ile, maana hupoa polepole. Nilifunga thamista na kipimajoto kwa uzi, ncha kwa ncha. Kwa nyuzi 40 nilipata 5,320. Kwa 37, 6,010. Nikarudia mara tatu. Wapo wanaopenda maji yanayochemka, na huku usawa wa bahari ni nyuzi 100 kweli, lakini yai haliishi huko. Pima pale utakapotumia. Namba hizo tatu, ya barafu, ya 37 na ya 40, nikaziingiza kwenye fomula ya Steinhart na Hart ya mwaka 1968, inayogeuza ukinzani wa thamista kuwa nyuzi za joto.

Majini kioo na kipimajoto vikalingana. Nilipoirudisha sandukuni, kioo kikazidi tena kwa 0.3. Hili lilinichukua siku mbili: thamista ilikuwa ikijipasha moto kwa umeme wake wenyewe, na hewa haiipoozi kama maji. Sasa naipa volti 5 kwa kitambo kifupi tu wakati wa kusoma, kisha nazima.

Safari iliyofuata vifaranga walianza kutoboa maganda usiku wa kuamkia siku ya 21. Zile namba tatu, pamoja na 10,240, nimeziandika kwa wino ndani ya kifuniko cha sanduku.