Nilivyopima woga wa ndege kwa sinia la mchanga

Woga wa ndege unapimika, tena kwa mizani ya kawaida ya jikoni. Njia niliyotumia inatokana na kazi aliyoichapisha mwaka 1988 mwanaikolojia wa Marekani, Joel Brown. Haihitaji maabara. Inahitaji uwanja, mbegu na subira, na subira ndiyo ghali kuliko vyote.

Unachanganya mbegu na mchanga kwenye sinia, unaliacha, kisha unarudi kupima kilichobaki. Siri iko kwenye mchanga. Mbegu zikiwa peupe ndege atazimaliza upesi, awe na hofu asiwe nayo. Zikifukiwa, za mwanzo anazipata chapuchapu, lakini za mwisho anazitolea jasho. Kila anavyozidi kukaa anachopata kinazidi kupungua, na hatari ya kuliwa iko palepale. Hufika mahali akaona haimlipi, akaondoka. Alichokiacha ndicho kipimo: mbegu nyingi zikibaki, jua mahali hapo panamtisha.

Nilichukua masinia matatu yanayofanana, mtama wa uzito sawa na mchanga wa rundo moja uliochekechwa. La kwanza nililiweka ubavuni mwa kichaka, la pili hatua chache mbele, la tatu katikati ya uwanja mtupu. Yote yalitoka asubuhi kwa pamoja na kuondolewa kabla ya giza, maana usiku ni zamu ya panya. Siku za mvua sikupima kitu. Mtama uliolowa unadanganya mizani.

Mchanga pia ni daftari la mahudhurio. Shomoro huruka kwa miguu yote miwili, kwa hiyo alama zake huja jozi jozi. Tetere hutembea, na nyayo zake hupishana, moja mbele moja nyuma. Ni lazima kujua nani kala, kwa sababu kila ndege ana woga wake. Mimi nilifuata shomoro tu, na sinia lililokanyagwa na tetere sikulihesabu.

Sinia la uwanjani ndilo lililobaki na mtama mwingi kuliko yote, na hilo halishangazi: kipanga akitokea juu hakuna pa kukimbilia. Kilichonivutia ni kwamba la kichakani halikuwa la kwanza kwa kuliwa. Lililoliwa zaidi ni la kati. Nikakaa dirishani na darubini. Kwenye uwanja shomoro alidonoa mara mbili tatu, akainua kichwa, akadonoa tena, na kivuli chochote kikipita alitimua mbio. Kwenye sinia la kati aliinamisha kichwa kwa muda mrefu zaidi. La kichakani alilijia kwa kuzungukazunguka, huku anachungulia chini ya majani. Huko chini ndiko anakojibanza paka wa jirani.

Kumbe kichaka kilekile kinachomficha ndege asionwe na kipanga kinamficha paka asionwe na ndege. Shomoro alikuwa anapima maadui wawili kwa wakati mmoja, na umbali wa sinia la kati ulimpa nafasi ya kumwona paka akija na bado kukiwahi kichaka kipanga akishuka.

Ili nijiridhishe, nilikata matawi ya chini ya kichaka na kuacha ya juu. Mtama haukubadilika, na paka hakufukuzwa. Mabaki ya sinia la kichakani yalipungua mpaka yakakaribia ya lile la kati. Hapo ndipo nilipouamini mzani wangu.

Kuna jaribio moja nililikataa, la kucheza sauti ya kipanga kwenye simu. Huko British Columbia, Kanada, Liana Zanette na wenzake waliwawekea ndege wadogo waimbaji sauti za wawindaji, huku viota vyenyewe vimezungushiwa nyavu na uzio wa umeme ili asiingie mla ndege yeyote. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba ndege waliosikilizishwa sauti hizo walikuza makinda pungufu kwa asilimia 40. Walitaga mayai machache na kulisha makinda mara chache, na hakuna aliyeguswa. Kwa udadisi wangu wa bustanini, hiyo ni gharama kubwa mno kuwabebesha ndege.

Anayetaka kujaribu aanze kwa kuwazuia sisimizi. Wao hawana habari na paka wala kipanga, watasomba mtama kutwa nzima, na mizani itawasoma kama ndege jasiri. Mimi nayaweka masinia juu ya vigae, na kila kigae kinakaa ndani ya karai lenye maji kidogo.