Geuza shingo, si mabega

Juzi usiku binti wa kaka yangu katuma picha kwenye kundi la ukoo: kola nyeupe ya hospitali ya kushikilia shingo, vidole viwili juu, nyuma yake ukuta wa zahanati. Wamegongwa kwa nyuma pale Sakina, Arusha, kwenye foleni. Chini ya picha kaandika, "Shangazi, wewe si ulishavaa hii? Navaa mpaka lini?" Watu wakamjaza pole na maombi. Mimi nikamwambia akamuulize aliyemvisha, nikazima simu. Usingizi ukagoma.

Ajali yetu sisi ilikuwa Kikatiti, barabara ya Arusha na Moshi. Coaster ya Moshi, siti ya nyuma kabisa, tuta, Fuso likatuingia kwa nyuma. Hakuna aliyetoka damu. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, tulichukua Usa River huku wengine tunataniana, na trafiki akatuambia tumshukuru Mungu twende nyumbani. Siti zile egemeo linaishia mabegani. Zikisukumwa, kiwiliwili kinatangulia na kichwa kinabaki, halafu kichwa nacho kinakuja kwa nguvu zake. Ni chini ya sekunde moja, huna hata muda wa kukaza misuli. Jioni ile nilipika na kusahihisha madaftari. Asubuhi ndipo nilipogundua kwamba siwezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia bila kukishika kwa mikono miwili.

Yaliyofuata ni yale yale ya kila mtu. Picha ikapigwa, mifupa safi. Kola, diklofenaki ya maumivu, na agizo la kupumzika nisiichezeshe shingo. Mama mkwe akashuka kutoka Marangu na chupa ya mafuta na mawazo yake kuhusu hospitali. Nikalala na kola, nikafundisha na kola, kidato cha pili wakanibatiza Mama Twiga wakidhani sisikii. Kila nilipoivua kuoga, niliona kichwa kimekuwa kizito kuliko jana. Mkuu wa shule ndiye aliyechoka kuniona naandika ubaoni nikiwa nimesimama upande upande, akaniambia mwalimu, nenda fizio, kwa wale wa mazoezi ya viungo, vipindi vyako tutagawana.

Chumba chenyewe kilinuka dawa ya kuchua na jasho la watu wanaojitahidi. Mzee mmoja aliyepooza upande alikuwa anahamisha vijiti vya kubania nguo kutoka kikapu hiki kwenda kile. Mtoto alilia kwenye zile nondo mbili za kujifunzia kutembea. Kijana aliyenipokea alinipa shikamoo kwanza, kisha akajitambulisha. Sote tulimwita daktari na yeye akawa anakataa, mimi ni mtaalamu wa viungo tu mama, nimesomea hapo hospitali ya KCMC. Tukaendelea kumwita daktari.

Akauliza kama mikono inakufa ganzi. Akanipiga viwiko kwa kinyundo, akanitaka nimbane vidole. Aliporidhika ndipo akaivua kola, na ule mlio wa kubandua ulinitia hofu kuliko Fuso. Nilikishika kidevu. Kweli, nilikishika, kana kwamba kingeanguka sakafuni mbele za watu.

"Geuza shingo kushoto, mwalimu. Taratibu, mpaka utakapoishia."

Nikageuka.

"Hayo ni mabega. Mimi nataka shingo."

Yule mzee wa vijiti alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki. Nikajaribu tena. Kijana akaweka juu ya kichwa changu protrakta ya plastiki yenye mikono miwili mirefu, akasoma: nyuzi 30. Mimi nafundisha hesabu, nyuzi ni mkate wangu. Nikamuuliza mtu mzima anatakiwa afike ngapi. Akasema karibu 80 kila upande. Nikapiga hesabu ya kilichobaki, machozi yakanilengalenga kwa sababu ya kutoa tu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unaogopa nini hasa?" Nikamwambia naogopa mkwaruzo ninaousikia humo ndani nikigeuka. Akanijibu kwamba hata yake inakwaruza, akaigeuza karibu na sikio langu ili nisikie. Sikusikia kitu, ila nilipenda kwamba alijaribu.

Kisha ikaja ile mashine ya presha. Alinilaza chali, akakikunja kile kitambaa cha kufunga mkononi, akakitia chini ya shingo na kukipuliza mpaka saa yake ya presha ikasoma 20. Saa yenyewe akanipa niishike mwenyewe mbele ya macho. Kazi yangu, alisema, ni kuitikia ndiyo bila kutoa sauti: kidevu kishuke kidogo sana, mshale usogee mpaka 22, nikae nao hapo huku napumua. Mbili tu. Nikadhani ananidharau.

Nikaitikia. Mshale ukaruka mpaka 30 na zaidi. "Hapana," akasema, akaweka kidole kwenye misuli miwili inayochomoza pembeni mwa koo. "Hizi ndizo zimefanya kazi. Hizi tunataka zilale. Zinazotakiwa kuamka ziko ndani, zimelala juu ya mifupa yenyewe, na tangu ajali zimewaachia wenzao kila kitu." Nikatulia. Nikaitikia tena, na safari hii sikufanya chochote, niliwaza tu neno ndiyo. Mshale ukatikisika. Ukapanda 21, ukasita, ukafika 22, ukawa unatetemeka pale pamoja na mimi. Kope zilitetemeka, ulimi ulijibana kwenye kaakaa, kijana akanikumbusha kupumua. Sijawahi kuchoka vile kwa kazi isiyoonekana. Mtoto aliacha kulia, au mimi niliacha kumsikia. Mtu mwenye shingo nzima hupanda mbili mbili kuelekea 30 na kukaa kila kituo kwa sekunde kumi. Mimi siku ile 22 ilinitosha na nikaomba maji.

Tuliporudi kwenye kiti, akanielekeza dirishani. "Kibo iko kushoto kwako. Itafute kwa shingo." Nikaitafuta kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Nilipofika, mlima ulikuwa umejifunika mawingu kama kawaida yake, hakuna hata jiwe. Protrakta ikasoma 40.

Kola aliniambia niiache polepole, niitumie safarini tu na hatimaye nisiitumie kabisa. Mazoezi ya nyumbani nikafanya, kuna siku nikasinzia nayo. Miezi ikapita. Leo shingo yangu hailalamiki isipokuwa nikisahihisha mitihani ya muhula, na kurudisha gari nyuma bado namwachia mwenye macho mazuri. Nimepona, au karibu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni huyu mwingine. Bega langu la kulia siku ile ya Kikatiti liligusana na la mama mmoja wa mitumba wa Kiboriloni. Tuta lile lile, Fuso lile lile, hata PF3 zetu zilifuatana. Tulikutana tena fizio, kitanda kimoja, mashine ya presha moja, kijana yuleyule. Na mama huyu alikuwa mwanafunzi bora kuliko mimi, mazoezi hakuruka. Shingo yake haijapona mpaka leo. Maumivu yanapanda nyuma ya sikio, Coaster hapandi, na akisikia breki kubwa barabarani anashika ukuta.

Mwanangu, ambaye anasoma kila kitu kinachopita mtandaoni, aliwahi kunitafutia. Nikaambiwa kwamba karibu nusu ya walioumia hivi bado wanasikia shingo baada ya mwaka mmoja. Nikaambiwa kwamba anayeanza na maumivu makali zaidi ndiye anayechelewa, na kwamba hofu na kutotarajia kupona navyo vimo. Akanionyesha utafiti wa Australia wa mwaka 2014: watu 172 wenye maumivu yaliyokwisha kukomaa, wengine wakapewa vipindi 20 vya mazoezi na mtaalamu kwa wiki 12, wengine wakapewa ushauri wa nusu saa tu na simu ya kuulizia. Mwisho wake maumivu hayakutofautiana. Na wa Lithuania wa 1996, watu 202 waliogongwa kwa nyuma katika nchi ambayo wachache walikuwa na bima na ambako hakuna aliyetegemea kuumwa milele. Baada ya mwaka mmoja hadi mitatu hawakuwa na matatizo zaidi kuliko majirani zao ambao hawakugongwa.

Ya Lithuania ilinipendeza. Ilielekea kueleza kwa nini mimi niko hivi: kijana wa fizio aliniambia shingo yangu ni nzima, nami nikamwamini. Lakini nilipokwenda Kiboriloni kutafuta sweta za watoto, nikamsimulia mama yule, akaweka nguo chini.

"Mwalimu, hebu ngoja. Mimi bima sina. Fidia sikupata hata ya soda. Ugonjwa huu sikuwahi kuusikia kabla ya kuugua. Sasa hayo maumivu niliyategemea saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Niliwaza kumtajia maumivu makali ya mwanzo, maana yeye tangu siku ya kwanza alikuwa analia na mimi nilikuwa nataniana na trafiki, lakini hiyo ingekuwa kumwambia kwamba alikosea kuumia. Labda ni belo anazobeba. Labda ni kwamba mimi nilipewa likizo na mkuu wa shule, na yeye soko halina mkuu. Au hakuna labda yoyote, shingo mbili tu. Na sijui kama ni mshale uliotetemeka kwenye 22 ulionitoa mimi, au miezi tu, au kule kusikilizishwa shingo isiyokwaruza.

Nikampa basi ile ya Australia, ya vipindi 20 na nusu saa, nikidhani itamfariji kwamba hajakosa kitu.

"Kwa hiyo nauli yangu yote ya kwenda fizio ingenitosha nusu saa?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akaokota sweta, akaikung'uta, akageuka mwili mzima kunitafutia saizi ndogo. "Mwambie huyo wa Australia aje abebe belo moja kutoka hapa mpaka barabarani. Halafu nitamshauri kwa nusu saa."