Mwezi Umezima Taa: Namna Mbinu za Ushairi Zinavyobeba Maana

Wasomaji wengi wa mashairi wamezoeshwa kuuliza, "Hii ni tamathali gani?" Wakishapata jina, tashihisi (kukipa kisicho mtu sifa za mtu) au sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine), wanageuza ukurasa. Jina ni la lazima, lakini halifungui shairi. Swali linalolifungua ni hili: mbinu hii ikiondolewa, maana gani inaondoka nayo? Isipoondoka maana yoyote, basi mshairi alitia pambo tu.

Hapa chini nimetunga beti mbili za tarbia, yaani shairi la mistari (mishororo) minne kila ubeti, ili tulifanyie kazi swali hilo. Anayesema ni mama mwenye kuishi jirani na mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi ya uvuvi hutia nanga, Igombe au Kayenze huko Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na mitumbwi ya dagaa iko ziwani.

*Mwezi umezima taa, ziwa limevaa giza,*
*Juu wapanda dagaa, nuru yawabembeleza,*
*Na kwangu yalia njaa, mwana ninamtuliza,*
*Ewe ziwa, nimekaa, leo nini wanijaza?*

*Kwenye mchanga dagaa, jua halijachomoza,*
*Mvua inawavaa, mnunuzi apunguza,*
*Deni la taa lang'aa, nani wa kunituliza?*
*Ewe ziwa, nimekaa, leo nini wanijaza?*

Anza kwa kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa vidole na kwa sauti. Kila mshororo una 16: 8 za ukwapi (nusu ya kwanza), 8 za utao (nusu ya pili). Wanaokosea huteleza mahali pawili. Kwanza, "m" inayosimama peke yake ni silabi kamili: ni-na-m-tu-li-za. Ukiimeza, utao huo utakupa 7 na utadhani mshairi amepungukiwa. Katika "mwezi" mambo ni tofauti, kwani "mwe" ni silabi moja. Pili, irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kila moja: ta-a, da-ga-a, nja-a. Usipite hatua hii haraka, kwa sababu mizani ndiyo inayokuonyesha mahali ambapo mshairi alibanwa akalazimika kuchagua neno. Alipochagua neno ndipo pa kuchimba.

Sasa vina. Kina cha kati, yaani sauti inayofunga ukwapi, katika ubeti wa kwanza kinaleta taa, dagaa, njaa. Sikio likishasikia maneno hayo yakijibizana, akili huyafunga pamoja hata kabla ya kuelewa sentensi: taa imewashwa kwa ajili ya dagaa, na dagaa wanasakwa kwa ajili ya njaa. Habari nzima ya uvuvi wa usiku imo ndani ya kina kimoja. Linganisha na mishororo hii:

*Mwezi haupo angani, wavuvi wako ziwani,*
*Dagaa wako majini, mtoto yuko nyumbani.*

Mizani imetimia na vina vimetimia, lakini shairi halina uhai. Kiambishi "-ni" kinatuambia tu kila kitu kiko wapi, wala hakuna neno linalomgusa mwenzake. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi katika tungo za wanaoanza. Vina vya "-ni", vya "-ka" na vya "-wa" hupatikana bila jasho, kwa kuwa sarufi yenyewe inavigawa. Tafuta kina kilichomo kwenye mzizi wa neno. Kitakusumbua, lakini kitakulazimisha kukutanisha vitu ambavyo usingevikutanisha.

Mpangilio wa maneno nao una kazi yake. Katika mazungumzo tungesema "Dagaa wapanda juu", na mizani ingebaki 8 vilevile. Hapa sentensi imepinduliwa, mbinu ambayo walimu huiita kuboronga sarufi (jina hilo silipendi, linafanya ufundi uonekane uharibifu). Mpangilio ungenyooshwa, "dagaa" angeondoka kwenye nafasi ya kina, na mnyororo wa taa, dagaa na njaa ungekatika.

Jaribu pia kubadilisha neno moja kwa kisawe chake. "Mwanga wawabembeleza" una mizani 8 sawasawa. Kwa nini basi "nuru"? Kwa sababu nuru ina harufu ya ibada: tunasema nuru ya imani, nuru ya uongofu. Samaki hawa wanakifuata kitu kinachofanana na wema, nacho kinawapeleka wavuni. "Kubembeleza" nako ni kazi ya mlezi. Mshororo unaofuata unamleta mlezi wa kweli akimtuliza mwanawe, na mambo hayo mawili yakisimama juu na chini yanauliza swali zito: je, mama naye anamdanganya mtoto? Shairi halisemi. Ujirani wa vitenzi hivyo viwili ndio unaouliza.

Tazama na "yalia njaa". Aliaye kwa kawaida ni mtoto. Hapa kilio amepewa njaa, na mtoto anatulizwa. Bila tashihisi hiyo tungepata mtoto mwenye njaa aliyenyamazishwa, habari ikaisha. Kwa tashihisi, mtoto anaweza kunyamaza na kilio kikaendelea kusikika ndani ya nyumba.

Ishara ndiyo mbinu inayowapoteza wasomaji wa mbali na ziwa. Mwongozo wa kawaida utakuambia giza ni ujinga, hofu au uovu. Mwaloni sivyo. Dagaa hukusanyika kwenye taa pale mwezi usipoangaza, iwe taa ya karabai au ya sola, kwa hiyo siku za giza ndizo siku za kazi, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi wa dagaa hupumzika. Mtu wa Kirumba, mwalo wa Mwanza, akisoma "ziwa limevaa giza" anasikia riziki ikikaribia. Mwezi kuzima taa yake ni kama kuwapisha wavuvi wawashe zao. Basi kabla ya kuandika kwamba ishara fulani ina maana fulani, uliza ni ya nani na ni ya wapi.

Tashbihi, yaani kufananisha kwa "kama", ingetosha? "Ziwa ni kama nguo nyeusi" ni picha nzuri, ila ziwa limelala tu pale. "Limevaa" inalifanya liwe na nia. Kitenzi hicho kinarudi ubeti wa pili kikiwa na meno: kumvaa mtu ni kumrukia. Mvua imewarukia dagaa walioanikwa mchangani, na dagaa wakilowa kabla ya kukauka huharibika, bei ikashuka.

Kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, hakibadiliki hata herufi moja, ilhali kinachosemwa kimebadilika kabisa. "Kujaza" ni kutia hadi pomoni, na pia ni kulipa thawabu, kama tunavyoombeana Mungu akujaze. Mwisho wa ubeti wa kwanza, "nimekaa" ni kusubiri na "wanijaza" ni tumaini. Mwisho wa ubeti wa pili, baada ya mvua na deni la taa, "nimekaa" ni kukwama na swali limekuwa lawama. Ukichambua kibwagizo, usikieleze mara moja kwa shairi zima. Kieleze upya kila ubeti. Kama maana yake ni ileile mwanzo hadi mwisho, mtunzi amekitumia kujazia nafasi.

Wapo wanaodhani shairi lisilo na vina halina mbinu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha mashairi huru katika diwani (kitabu cha mashairi) yake ya mwaka 1974, na mabishano juu ya kama hayo ni mashairi yalikuwa makali. Kinachobadilika katika shairi huru ni mahali pa kufanyia kazi: ukiacha vina, mstari unapokatwa ndipo maana inapojengwa. Tuukate hivi mshororo wangu wa kwanza:

*Mwezi umezima*
*taa*
*ya nani inawaka?*

Soma kwa sauti, ukivuta pumzi kabla ya "taa" na baada yake. Ukiliunganisha neno hilo na mstari wa juu, taa ni ya mwezi, nayo imezimwa. Ukiliunganisha na wa chini, taa ni ya mtu aliye majini ambaye hatumwoni, nayo inawaka. Iandike mistari hiyo kama sentensi mbili, "Mwezi umezima taa. Taa ya nani inawaka?" na utakuwa na taa mbili, kila moja na mwenyewe.