Siku moja bandarini, na Kuli mkobani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, na kurasa chache za Kuli, riwaya ya Adam Shafi, kabla nyumba haijaamka. Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu vya mtumba wa Posta. Jalada linashikiliwa na selotepu, ukurasa wa mwanzo una majina ya waliokimiliki kitabu kabla yangu, na mmoja wao amepiga mstari kwa penseli kila panapotajwa ujira. Ningempata mtu huyo tungeongea mpaka usiku.

Saa kumi na mbili na nusu nipo kwenye pantoni ya Kigamboni, nimesimama, mkoba kifuani, kitabu mkononi. Meli kubwa ikiwa inaingia bandarini pantoni husubiri ipite kwanza. Wenzangu huguna; mimi hupata kurasa za ziada. Leo imepita ya makontena, ndefu, na mimi macho yangu yako gatini Unguja pamoja na Rashidi, mhusika mkuu wa Kuli.

Kuanzia saa mbili hakuna riwaya. Mimi ni karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha: hati za shehena, ankara, ushuru, na simu za wateja wanaouliza mzigo unatoka lini.

Saa saba, kwa mama lishe. Wali, maharage, samaki wa kukaanga. Hii ndiyo saa ninayoingoja. Mezani tupo na kaka mmoja dereva wa lori wa njia ya Tunduma, dada wa malipo wa ofisi ya jirani, na mzee aliyepakua meli ujana wake wote. Dereva hata salamu hajamaliza.

“Mgomo umeanza?”

“Bado, kaka. Unanukia tu.”

“Basi leo usilale.”

Yeye alikimaliza kwenye foleni ya mpakani, akikisoma ndani ya kichwa cha lori. Kitabu kilitoka 1979, na mgomo wenyewe si wa kubuni: mwaka 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waliweka kazi chini kweli, na mji ukasimama. Mzee hasomi siku hizi kwa sababu ya macho, kwa hiyo namsomea. Nilipofika penye ubebaji wa mizigo akainua mkono: “Rudia hapo, mwanangu.” Nikarudia. Akatuonyesha kwa kiwiliwili chake, sahani ikiwa pembeni: gunia halibebwi kwa mikono, hubebwa kwa shingo na magoti, na ukilipokea vibaya kifua kinakujulisha usiku. “Huyu bwana aliwasikiliza makuli,” akasema. Sijawahi kusikia uhakiki ulionigusa hivyo.

Na hili linaniuma: riwaya zetu bora tumeziachia mtihani. Mtu akitoka shule hazigusi tena. Kuli ni kitabu cha watu wa bandarini, kisomwe bandarini, na watu wanaojua uzito wa gunia.

Dada wa malipo yuko na Vuta N’kuvute yangu, riwaya nyingine ya Adam Shafi. Amefika pale Yasmin, msichana wa miaka 15, ameozwa kwa mzee Raza, na hasira zake zote ziko kwa wazazi wa binti. Nimemwambia avumilie, Yasmin si wa kukaa kimya.

Kisha ukaja mjadala wa kinachofuata. Dereva anataka nisome Nagona ya Kezilahabi. Nimekataa kwa sasa. Ni chembamba lakini kinataka akili iliyotulia, nitakisoma wakati wa likizo. Ninachokwenda nacho ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Kijana Yusuf anachukuliwa na Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, kisha msafara unaelekea bara. Nikishatoka kwenye mgomo nataka kitabu chenye safari. Nitamsomea mzee nacho.

Mchana umekwenda kwa kontena moja lenye hati pungufu. Saa kumi na mbili pantoni imejaa, kitabu hakifunguki.

Saa tatu usiku. Watoto wamelala, nimefika. Wamegoma! Nimemtumia dereva ujumbe wa sauti, naye kajibu akiwa Chalinze: “Nilikwambia! Sasa Peponi, zamu yangu lini?” Nimemjibu baada ya dada, kwa kuwa yeye aliomba kwanza.

Bado natafuta Haini, nayo ya Adam Shafi. Mwenye nakala ya kuazimisha, awe Dar au Unguja, aniambie; nitaitunza na kuirudisha. Nanyi mmefika ukurasa gani, wa kitabu gani?